Nilichokiona Nilipomwosha Dada Yangu

Tarehe kumi na tatu Juni mwaka 1998, siku ya Jumamosi, saa nne za asubuhi, dada yangu mkubwa alifariki katika wodi ya wanawake, Msambweni. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja na watoto watano. Alasiri hiyohiyo tulimzika. Mimi ni mmoja wa wanawake watatu waliomwosha.

Kwetu mwenye kuosha maiti hubeba amana. Akiona jipu, kovu, mdomo uliopinda, chochote ambacho marehemu mwenyewe hangependa kionekane, hukinyamazia mpaka naye anakufa. Shangazi yetu, dada wa baba, alikuwa akiosha wanawake wa mitaa mitatu tangu mimi sijavunja ungo, na sijapata kumsikia hata siku moja akisema kuwa fulani alikutwa hivi au vile. Siku ile alitundika leso pande zote nne za kitanda, akatupanga: yeye kiunoni, mimi kichwani, jirani yetu wa kumimina maji. Maji yalikuwa na majani ya mkunazi. Tulipofika katikati ya mwili shangazi aliniambia nigeuze uso. Sikugeuza. Niliona damu ikitoka kwa mtu ambaye moyo wake ulikuwa umesimama tangu asubuhi, damu nyeusi, na pamoja nayo maji ya rangi ya kutu. Tuliweka pamba, ikalowa. Tukaweka nyingine. Ya tatu ndiyo iliyokaa. Harufu ile kafuri haikuweza kuifunika.

Shangazi alifunga sanda, akanawa mpaka viwikoni, akasema, "Tulichokiona ndani ya leso hizi kinabaki ndani ya leso hizi."

"Sawa, shangazi," nilisema. Wakati ule nilikuwa nikimaanisha.

Nje kila aliyekuja kutupa pole aliuliza marehemu alikuwa akiumwa nini, na kila aliyeulizwa alijibu kuwa ni tumbo. Mimi pia nilijibu hivyo. Niliulizwa na mdogo wetu, wa mwisho, aliyeolewa Kinango na ambaye gari lake lilichelewa akafika maiti ameshatolewa. Alinishika mabega akauliza dada amekufa na nini, nikamwambia tumbo.

Sasa niseme na lile nililolijua kabla ya siku ya kumwosha.

Shule niliishia darasa la saba. Miaka hiyo nilikuwa dobi katika hoteli moja ya Diani, na mambo ya madoa ninayajua kuliko mambo ya vitabu. Doa la divai, doa la mafuta ya kujipaka juani, doa la damu, kila moja lina dawa yake na saa yake. Nyumbani vilevile nilikuwa nikiwafulia ndugu zangu, hasa dada, kwa sababu mgongo ulikuwa ukimsumbua.

Na sisi tumekulia kwenye maji yaliyotuama. Tulioga humo, tulifua humo, tulivuka humo kwenda shule. Wavulana wa rika letu walikuwa wakisimama mstari mmoja kushindana nani mkojo wake ni mwekundu zaidi, na aliyeshinda alitembea kifua mbele. Wazee walisema mtoto asiyepita hapo hajakua. Kichocho kwetu hakikuwa ugonjwa wa kumshtua mtu. Ndiyo maana mwanamke wa kwetu akiona damu mahali isipotakiwa hashtuki pia. Hutaja kichocho, akaendelea kutwanga.

Dada aliponiambia, mwaka 1996, kwamba anaona damu siku ambazo si zake, na kwamba huiona zaidi baada ya kulala na mumewe, mimi ndiye niliyesema, "Kichocho hicho. Si ulikuwa ukioga mtoni mwezi mzima?" Mimi ndiye niliyekwenda zahanati kumchukulia vidonge. Alivimeza. Baada ya miezi minne nikamchukulia tena, akavimeza tena. Vidonge vile si vibaya, hutibu kichocho. Yeye hakuwa na kichocho.

Na leso zake zilipita mikononi mwangu. Damu ya kichocho huja na mkojo, hupauka, hutoka kwa maji baridi na chumvi. Hii yake iliacha duara lenye ukingo wa kahawia, na harufu iliyobaki baada ya sabuni na jua la kutwa. Niliiona tofauti hiyo kwa macho yangu, mimi dobi. Nikaongeza sabuni.

Tulipomfikisha hospitalini, daktari hakukaa naye sana. Alitoka akavua glavu akatuambia ni saratani ya mlango wa kizazi, na kwamba ilikuwa imeshatambaa mpaka kwenye kibofu. Alisema tungekuja miaka miwili kabla. Miaka miwili kabla nilikuwa kwenye foleni ya vidonge.

Katika miezi yake ya mwisho alikuwa akija wodini mwanamke mmoja wa bara, mtaalamu wa maabara aliyepanga nyumba Ukunda. Alibeba kisanduku cha barafu na vichupa vyenye vifuniko vya rangi. Manesi walimwita daktari, naye kila mara aliwaambia yeye si daktari. Aliomba damu ya dada, na majimaji kidogo ya mlango wa kizazi kwa kijiti chenye pamba.

"Damu ya mtu anayekufa mnaitakia nini?" nilimwuliza.

Alivuta kiti. "Mama, wacha nikuelezee. Huu ugonjwa unaletwa na kirusi. Kinapitia kwa bwana, kinakaa pale mlangoni. Wanawake wengi wanacho na mwili unakifukuza wenyewe, hata hawajui kilikuja. Lakini kuna ambao hakitoki. Kinakaa miaka kumi, kumi na tano. Na hiyo miaka yote mwili si ati umelala. Kinga inapigana. Ikipigana inaacha alama kwa damu, na kwa yale maji ya mlangoni. Hizo alama ndizo tunatafuta."

"Damu ya dada yangu inazo?"

"Anazo nyingi."

"Na mwaka juzi zilikuwepo?"

"Pengine. Lakini nisikudanganye. Hata kama mtu angeangalia, hatujui bado kuzisoma. Leo hii damu haiwezi kumwambia mtu kama yuko na huu ugonjwa au hana."

"Sasa mnachukua ya nini?"

"Ndiyo tujue kesho. Tukijua alama ya anayeshinda na alama ya anayeshindwa, mtu atatolewa damu kidogo tu na aambiwe mapema, kabla hajaona kitu. Kwa leo tuko na njia ya kukwangua pale mlangoni na kupaka kwa kioo. Kioo kinapelekwa Mombasa kinaangaliwa. Hiyo inafanya kazi, mtu akija akiwa bado mzima. Na shida ni hiyo. Tunaopata ni wagonjwa. Wazima hawaji, na bila damu ya wazima tutalinganisha na nini?"

Nilimpenda kwa kuniambia kuwa hajui. Nilikuwa nimechoka na wanaojua, mimi nikiwa wa kwanza wao.

Tulidhani dada amelala. Akasema bila kufumbua macho, "Mpe. Hii damu yenyewe inamwagika bure kila siku. Japo kidogo iingie chupani."

Mtaalamu akacheka, halafu akajizuia.

"Cheka, mwanangu," dada akasema. "Mimi ndiye niliyefanya mzaha."

Arobaini yake iliangukia katikati ya wiki, mwezi wa Julai. Mdogo wetu alikuja siku nne kabla, peke yake, na akalala kwangu. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Asubuhi nilikusanya nguo za nyumba nzima nikaenda kufua uani, na ndani ya rundo nikakuta leso yake. Lilikuwepo duara. Lilikuwa na ukingo wa kahawia. Niliinusa, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu, na sikuona haja ya kuinusa mara ya pili.

Nilimwita. "Hii ni yako?"

"Yangu."

"Una siku zako?"

"Nimemaliza wiki iliyopita." Alicheka. "Dada, usinitazame kama umeona jini. Ni kichocho. Lambo letu kule limejaa konokono, hata ng'ombe wanalijua. Nimeshameza vidonge."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

Nilikaa chini palepale kwenye maji ya sabuni. Nilimwambia alichokufa nacho dada yetu, nikamwambia kilivyoanza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaninyanyua, akanipangusa gauni.

"Wewe ndiye uliyeniambia tumbo," alisema.

"Nilisema uongo."

"Na shangazi? Shangazi ndiye aliyemwosha. Nilimwuliza, akasema ni tumbo, tumwombee. Dada yangu, una majonzi. Mtu akifiwa huona ugonjwa kila mahali."

Nilimwendea shangazi. Nilimweleza kuhusu leso. Nilimwomba amwambie mtoto huyu maneno mawili tu, wakiwa peke yao chumbani. Alikuwa akichambua mchele wa hitima. Hakuinua uso.

"Nilimwosha mama yako, nikamnyamazia," alisema. "Nilimwosha bibi yako, nikamnyamazia. Leo nianze na huyu?"

"Huyu mmoja bado yuko hai, shangazi."

"Mpeleke hospitali. Nani amekuzuia?"

"Hatakwenda kwa neno langu."

"Basi ongeza neno lako. Langu halimo."

Siku ya hitima wanaume walisomea barazani, sisi wanawake tulikuwa uani kwenye mikeka. Baada ya dua, kabla ya sinia kuletwa, nilisimama. Mimi si msemaji. Hotelini nilipita miezi bila mtu kusikia sauti yangu. Nilisema kwamba dada yangu hakufa kwa tumbo. Nilisema alikufa kwa saratani ya mlango wa kizazi, na kwamba ilianza kwa damu ya siku ambazo si zake, na damu ya baada ya kulala na mume, na kwamba mimi nilimpa vidonge vya kichocho mara mbili. Nikasema nilimwosha, na pamba tuliweka mara tatu.

"Astaghfirullah," mtu mmoja akasema.

Jirani yetu, yule aliyemimina maji, alijifunika uso kwa buibui. Mwanamke mwingine, wa upande wa mume wa marehemu, akasema kwa sauti ya chini iliyosikika kila mahali, "Umemvua dada yako nguo mbele za watu."

"Nimemvua," nikasema. "Anayeona haya atazame pembeni. Nina mdogo wangu mmoja aliyebaki."

Kisha nikamgeukia shangazi. "Shangazi, sikuombi useme ulichokiona. Nimesema mimi. Ninakuuliza kama nimesema uongo."

Watu wote walimtazama. Mdogo wangu alimtazama kuliko wote. Shangazi alikuwa na tasbihi mkononi, vidole vikawa havisogei. Angeweza kusema neno moja tu akaniaibisha, na uani pale wote wangemwamini yeye. Hakusema ndiyo, hakusema la. Aliinuka, akavaa ndara zake, akaingia ndani.

Mdogo wangu alianza kulia kabla mlango haujafungwa.

Tulipokuwa tukila, mwanamke wa makamo aliyeketi kando yangu alininong'oneza, akikodolea wali wake, "Hiyo ya baada ya mume, hutoka nyingi au hata matone?"

"Hata matone," nikamwambia.

Alikula mpaka akamaliza.

Nimeambiwa nitaulizwa siku ya kiama kwa kuvunja amana ya maiti. Sawa, nitaulizwa. Shangazi hakuniitikia shikamoo yangu kwa miezi mitatu, na kila asubuhi nilimwamkia palepale kwenye njia ya kisima, akipita kimya, nami nikimpisha. Sikumwomba msamaha na sitamwomba. Ninamheshimu. Hayo mawili yanakaa ndani yangu pamoja na hayagombani.

Mdogo wangu alikubali kupimwa. Ilibaki ruhusa ya mumewe wa Kinango. Shemeji alikuja kumchukua mkewe siku ya pili. Ni mtu wa mbuzi na mahindi, hana maneno mengi, lakini siku hiyo aliyapata.

"Mke wangu hawezi kulazwa kitandani afunguliwe miguu na watu wa bara," alisema.

"Alipokuwa akizaa alifunguliwa na nani?" nilimwuliza.

"Kuzaa ni kuzaa. Huku ni kupekuliwa. Na damu wanachukua chupa tatu. Damu hiyo inakwenda wapi? Watu wanasema inauzwa."

"Basi njoo nawe. Simama karibu, uzishike chupa mwenyewe."

"Shemeji, wewe unanidharau."

"Sikudharau. Ninakwambia mapema ili usije ukaambiwa na mwosha maiti."

Aliinuka akatoka. Nilidhani amekwenda kutafuta gari la kurudi. Kumbe alikwenda kunywa kahawa, akarudi, akakaa kwenye mkeka, akauliza ni siku gani.

Tulikwenda Msambweni siku ya Alhamisi iliyofuata, wanawake sita, na shemeji nyuma kama mchunga. Yule wa matone alikuwemo, amejitanda mpaka yakabaki macho. Mtaalamu wa maabara alipotuona kwenye benchi alisimama na kisanduku chake mkononi.

"Wote ni wagonjwa?" aliuliza.

"Hatujui," nikamjibu. "Ndiyo maana tumekuja."

Niliingia wa kwanza ili wengine waone nikitoka. Chuma kile ni baridi, na hakuna njia ya heshima ya kulala vile, msidanganywe. Nesi alikwangua, akapaka kwenye kioo. Nikatolewa damu na majimaji kwa pamba. Robo saa haikutimia. Nilipotoka walinitazama miguu, kama kwamba ningekosa mmoja. Mdogo wangu aliingia wa pili. Shemeji alisimama mlangoni mwa maabara, na mtaalamu alimwonyesha vichupa vya mkewe kimoja kimoja, jina na namba, na barafu vinakokaa. Hakuuliza tena habari ya kuuzwa.

Vioo vilirudi kutoka Mombasa baada ya wiki tano. Changu kilikuwa safi. Nilisimama na karatasi ile nikaona aibu, kama mtu aliyepewa kisichokuwa chake. Cha yule wa matone kilikuwa na uambukizo tu, akapewa dawa. Cha mdogo wangu nesi alikisoma mara mbili. Alisema chembe zimegeuka, zimegeuka sana, lakini bado hazijawa saratani, na kwamba zinakatwa Mombasa, tena upesi.

Nilimwuliza mtaalamu damu yake imesemaje.

"Bado tunasoma, mama. Iko pamoja na yako, na ya hao wengine. Na ya dada yenu pia."

"Mkishajua, mrudi mtuambie."

"Tutarudi."

Mpaka ninapoandika haya hakuna aliyerudi kutuambia alama zile zilisomeka au hazikusomeka. Sijui. Waliponiita mara ya pili kutoa damu nilikwenda, na ya tatu nilikwenda. Ikiwa siku moja binti ya mtu ataambiwa mapema kwa tone tu, na ndani ya kujua kwao kumo damu yangu na ya dada, inanitosha. Ikiwa hapana, waseme hapana. Lakini waseme.

Mdogo wangu alikatwa mwezi wa Septemba. Siku moja alilala, siku ya pili akatoka. Kipande walichokata kilipelekwa kupimwa, kuona kama walichokitafuta kimekwisha au kimebaki ukingoni. Majuma matatu tulikaa bila kulizungumza. Yeye alirudi Kinango kwa mbuzi wake, mimi nikafua mashuka.

Siku ya majibu tulikwenda Mombasa watatu. Daktari alikuwa kijana, akasoma kwanza kimya, ndipo akasema kingo ni safi pande zote, kimetoka chote, arudi kila baada ya miezi sita kuangaliwa. Shemeji aliuliza, "Chote?" Daktari akasema chote. Shemeji akauliza tena, na daktari akamjibu tena bila kuchoka.

Tulipofika kwenye kivuko cha Likoni kurudi nyumbani, feri ilikuwa imeshaanza kupakia, na mdogo wangu akasema hapandi mpaka ale, ana njaa tangu jana. Ikaondoka bila sisi. Shemeji alinunua mihogo ya kukaanga kwenye karatasi, akamwambia asitie pilipili, ametoka kukatwa juzi. Mdogo wangu akamwambia alikokatwa si mdomoni. Akachukua kipande, akakichovya kwenye pilipili, akala.